Damu kwa Damu: Je, Torati Ituongoze Katika Hukumu ya Kifo?



Kila yanapotokea mauaji ya kuchukiza hapa Uganda, iwe ni mtoto aliyechinjwa au mwenye duka aliyepigwa risasi usiku, neno moja husikika kantini, kambini, na hata kwa kina mama wanaoteka maji bombani: kwamba Biblia imekwisha kuamua, mwuaji na auawe. Husemwa kwa uchungu, nami simlaumu asemaye. Lakini askari ndiye akamataye, ndiye apelelezaye, ndiye alindaye gereza, na mara nyingine ndiye apewaye bunduki ili atekeleze hukumu. Kwa hiyo yatupasa sisi, kuliko watu wengine, kuuliza kama Torati yasema hayo tu, au inayo na mengine ambayo hatupendi kuyasikia.

Ni kweli kwamba yasema hayo. Katika Mwanzo sura ya 9, baada ya gharika, Nuhu aliambiwa kwamba amwagaye damu ya mwanadamu damu yake itamwagwa, kwa kuwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Hesabu sura ya 35 yakataza kupokea fidia kwa ajili ya uhai wa mwuaji, ili tajiri asije akaua maskini kisha akalipa fedha na kwenda zake. Hapo pana haki kubwa, na anayeidharau hajapata kufiwa kwa mkono wa mtu.

Lakini kitabu hicho hicho chaamuru kifo kwa makosa mengine pia. Kutoka sura ya 21 yataka auawe mtoto ampigaye baba yake au mama yake. Sura ya 31 yataka auawe afanyaye kazi siku ya Sabato. Walawi sura ya 20 yataka wauawe mwanamume na mwanamke waziniao. Tukisema tuifuate Torati neno kwa neno, basi askari wa zamu ya Jumamosi na aanze kuandika wasia wake. Na tukija kwenye uzinzi, sijui nani atabaki kambini wa kupiga baragumu asubuhi. Hakuna Mkristo nimjuaye anayetaka sheria hizo zirudi. Kwa hiyo sote tumekwisha kuchagua, na anayechagua yampasa aseme amechagua kwa kipimo gani.

Tena, waidai Torati kwa ajili ya kitanzi husahau masharti yake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 17 na ya 19, yakataza mtu kuuawa kwa neno la shahidi mmoja. Sharti wawe wawili au watatu. Mashahidi hao ndio walioamriwa kutupa mawe ya kwanza kwa mikono yao wenyewe. Na shahidi akionekana kuwa mwongo, hutendwa yeye kama alivyokusudia kumtenda mwenzake. Aliyeua bila kukusudia alitengewa miji 6 ya kukimbilia, mitatu kila upande wa Yordani, ili ndugu wa marehemu wasimwue kwa hasira kabla hajasimama mbele ya baraza na kusikilizwa.

Wazee wa Kiyahudi waliyapima masharti hayo kwa makini. Katika Mishna, kitabu cha sheria zao kilichokusanywa yapata mwaka 200, twaelezwa kwamba mahakama iliyomwua mtu mmoja katika miaka 7 iliitwa mahakama ya maangamizi. Rabi Eleazari mwana wa Azaria aliona ni hivyo hata kama ni mmoja katika miaka 70. Rabi Tarfoni na Rabi Akiba walisema kwamba wangalikuwamo wao barazani, hangaliuawa mtu kamwe. Rabi Simeoni mwana wa Gamalieli akawajibu kwamba kwa njia hiyo wangaliongeza wauaji katika Israeli. Ubishi wetu wa kantini, basi, una umri wa karne nyingi, na wenye Torati yao wenyewe hawakuumaliza kwa neno moja.

Kwa nini waliogopa hivyo? Kwa sababu waliijua habari ya Nabothi, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 21. Mfalme Ahabu alitamani shamba lake la mizabibu. Malkia Yezebeli akaandika barua, wakapatikana mashahidi wawili, hesabu ile ile itakiwayo na sheria, na Nabothi akapigwa mawe mpaka akafa. Hakuna sharti lililokosekana isipokuwa ukweli.

Nasi tunaye Nabothi wetu, ila huyu aliokoka. Mwaka 1982 Edmary Mpagi alihukumiwa kunyongwa kwa kumwua mtu ambaye baadaye ilidhihirika kwamba alikuwa hai, anatembea kwa miguu yake. Alikaa gerezani, chini ya kivuli cha kitanzi, mpaka mwaka 2000 alipofunguliwa kwa msamaha wa Rais. Jamaa yake aliyehukumiwa pamoja naye alikwisha kufa humo gerezani. Ebu, msomaji, fikiri: lau kamba ingaliwahi, nani angaliutupa mzigo wa damu ile? Ni shahidi aliyesema uongo, mpelelezi aliyeandika bila kwenda kutazama, au jaji aliyeamini karatasi?

Mwezi wa Aprili 1999 watu 28 walinyongwa katika gereza la Luzira. Baadaye wafungwa 417 waliokuwa wakingoja kitanzi, wakitanguliwa na Susan Kigula, walikwenda mahakamani. Mwezi wa Januari 2009 Mahakama Kuu Kabisa iliamua kwamba adhabu ya kifo yenyewe haivunji Katiba, lakini ni makosa kumlazimisha jaji kuitoa bila kupima habari za kila mshtakiwa. Iliamua pia kwamba akiisha mtu kungoja miaka 3 baada ya rufaa yake ya mwisho, bila Rais kutoa uamuzi wa msamaha, hukumu yake igeuke kuwa kifungo cha maisha. Kwa maoni yangu, majaji wale, ingawa hawakuhukumu kwa Biblia, waliikaribia miji ile 6 kuliko wengi wetu tuishikao Biblia mkononi.

Kwa askari jeshi liko na jambo la kukumbuka. Mwezi wa Machi 2002, huko Kotido, aliuawa padri kutoka Ireland, Declan O'Toole, pamoja na wenzake wawili. Kabla juma moja halijapita, wanajeshi wawili walikuwa wamekwisha kuhukumiwa na kupigwa risasi. Sisemi kwamba hawakuwa na hatia. Nasema kwamba aliyezikwa hakati rufaa.

Maoni yangu ni haya. Torati isiwe sheria ya kunyongea watu leo. Katiba yetu ya mwaka 1995 yasema nchi haina dini ya serikali, na katika kambi moja wanalala Mkristo na Mwislamu, ambaye Kurani yampa mrithi wa aliyeuawa nafasi ya kusamehe na kupokea fidia, jambo ambalo Musa alilikataza. Tutamnyonga nani kwa kitabu cha nani? Lakini hofu ya Torati, ile hofu ya kumwaga damu isiyo na hatia, hiyo na ituongoze kila siku.

Hofu hiyo haianzii kwa jaji. Huanzia kwa konstebo aandikaye maelezo saa nane za usiku, akiwa amechoka, naye mshukiwa hana wa kumtetea. Ndugu yangu, usimpige mtu ili akiri, usiandike usichokisikia, usimhesabu shahidi wa pili kama ni mwangwi wa yule wa kwanza. Nanyi kina mama, msiipeleke kituoni habari ya bombani kana kwamba mliiona kwa macho. Kabla hujatia sahihi, jiulize kama ungalikuwa tayari kutupa jiwe la kwanza kwa mkono wako mwenyewe. Kama mkono watetemeka, weka kalamu chini, ukapeleleze tena.

Hadi juma lijalo, kwaherini.