Yaliyofichika Yajulikane Kwanza

Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya mbele ya Beit el-Ajaib hapa Unguja, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka wakati jumba hilo likifanyiwa matengenezo. Wafanyakazi wawili walipoteza maisha. Msiba huo umetuachia funzo ambalo hatuna budi kulikumbuka kila itajwapo kazi ya kutengeneza majumba yetu ya makumbusho na ya sanaa.

Jumba hilo lililojengwa mwaka 1883, katika enzi ya Sayyid Barghash bin Said, lilisifiwa kwa yaonekanayo: nguzo ndefu za chuma, roshani pana, na milango ya nakshi yenye aya za Kurani. Lakini uhai wa jengo la kale umo zaidi katika yasiyoonekana. Umo katika vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, katika mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na katika vyuma vilivyofunikwa na sakafu. Maji yakipenya darini miaka nenda miaka rudi, boriti huoza na chuma hushika kutu, ilhali lipu ya nje yang'aa. Naye apakaye saruji juu ya ukuta wa chokaa huufungia unyevu ndani, akidhani ameuimarisha.

Kwa hiyo twawaomba wahusika Serikalini waliweke jambo hili kuwa sharti. Kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa, jengo lipimwe chumba kwa chumba, lichorwe na lipigwe picha. Dari ifunuliwe mahali mahali, vichwa vya boriti vikaguliwe, na mafundi wazee wa chokaa waulizwe. Michoro hiyo ihifadhiwe katika nyaraka za nchi, na wananchi waruhusiwe kuiona.

Wapo watakaosema kwamba uchunguzi huo huchelewesha kazi na huongeza gharama. Ni kweli. Lakini nakshi iliyovunjika bila mchoro hairudi, na roho ya mtu haina fidia.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Heshima hiyo ni deni kwetu sote, viongozi na wananchi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: ufa hauzibwi na asiyeuona.