Kutoka Kiwanda Kimoja Si Hoja

Mwendesha baiskeli ya mbio akishaizoea baiskeli yake ya alumini, haupiti muda kabla wenzake hawajaanza kumshauri abadilishe usukani aweke wa kaboni. Sababu wanazompa ni tatu. Utampunguzia uzito, utazuia mitetemo ya barabara isifike mikononi, na siku hizi si ghali, kwa kuwa ule wa dola 60 usio na jina unatoka kiwanda kile kile kinachotengeneza ule wa dola 300. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na wengi wanaoutoa ni waendeshaji hodari. Hata hivyo, sababu mbili za kwanza zimekuzwa kupita kiasi, na ya tatu, ambayo ndiyo hasa inayofungua pochi, haithibitishi kile inachodaiwa kuthibitisha.

Uzito tuumalize haraka. Usukani mzuri wa alumini una gramu 250 hadi 300. Wa kaboni wa bei ya chini una kama 200. Tufanye tofauti ni gramu 100. Mtu, baiskeli yake na maji yake ni kama kilo 80. Katika mlima wa saa nzima, ambako karibu nguvu zote zinatumika kushindana na mvutano wa dunia, gramu hizo zitamwokolea sekunde 4 au 5. Anayewania ubingwa ana haki ya kuzihesabu. Anayetoka Nairobi na kundi lake Jumamosi asubuhi kupanda Limuru hatazihisi kabisa.

Kuhusu mitetemo, dai linachanganya malighafi na kifaa kilichotengenezwa nayo. Nyuzi za kaboni zinaweza kupangwa ziwe laini au ziwe ngumu kuliko chuma. Inategemea tabaka zimewekwa kwa pembe gani, bomba lina unene gani na limepewa umbo gani. Usukani mwingi wa mbio hutengenezwa mgumu kwa makusudi, usijipinde mtu anapouvuta kwa nguvu kwenye mita za mwisho. Kinachopokea mitetemo kwa kiasi kikubwa ni tairi na upepo wake. Wengi wetu bado tunajaza upepo kwa mazoea ya enzi za matairi ya milimita 23, ilhali mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 28 hahitaji psi 100. Walioziona mbio za dunia zilizofanyika Kigali Septemba 2025, zile za wanaume zikiwa na kilomita 267.5, wanaikumbuka barabara ya mawe ya kupandia Kimihurura. Kwenye mawe ya aina hiyo, tairi pana lenye upepo uliopimwa na tepu nene ya usukani vitakutuliza viganja kuliko usukani wowote wa kaboni utakaomudu, tena kwa sehemu ndogo ya bei yake.

Sasa tuje kwenye kiwanda. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kaboni ya baiskeli duniani inatengenezwa Taiwan na China, na kwamba viwanda vingi huko hutengeneza kwa ajili ya majina mengi kwa wakati mmoja. Ni kweli pia kwamba ndani ya zile dola 300 mna matangazo, udhamini wa timu na faida ya kila mkono uliopitisha bidhaa. Ila kushirikiana jengo hakumaanishi kushirikiana kazi. Unga ule ule ukiwapa wapishi wawili wa jiko moja, mmoja atakutolea chapati laini na mwenzake kitu cha kutafuna mchana kutwa. Usukani wa kaboni hutengenezwa kwa mikono: mfanyakazi anakata vipande vya nyuzi zilizolowekwa resini, anavipanga kimoja juu ya kingine kwa pembe zilizoandikwa, kisha anaviweka kwenye kalibu na kuvioka vikiwa vimegandamizwa kutoka ndani. Akiruka kipande kimoja, au mgandamizo ukiwa hafifu, hewa inabaki katikati ya tabaka na mikunjo inajitokeza upande wa ndani. Kwa nje, baada ya rangi, huwezi kujua.

Ndiyo maana mwenye jina anayejiheshimu hatumi tu oda. Anaamua mpangilio wa tabaka, anachukua sampuli na kuzijaribu mpaka zivunjike, na anakataa zilizoharibika. Sehemu muhimu ya bei yake inalipia vile vilivyotupwa. Anayenunua kwa muuzaji asiye na jina hana namna ya kujua kama kitu alicholetewa kilikaguliwa, au ni kimojawapo cha vilivyokataliwa mlango wa pili.

Maandishi ya kwenye bidhaa nayo yanapotosha. Wauzaji hupenda kuandika T800 au T1000, ambazo ni daraja za nyuzi za kampuni ya Toray ya Japani. Nyuzi zenyewe ni nzuri, lakini daraja lake halisemi lolote kuhusu resini, mpangilio wala ukaguzi, na mnunuzi hana kifaa cha kuhakikisha kuwa ni hizo kweli. Wengine hutangaza 3K kama sifa ya nguvu. 3K maana yake ni kwamba kila kishada cha nyuzi kina nyuzi 3,000, na ule msuko wa mirabaraba unaopendeza macho mara nyingi ni tabaka moja la juu, la urembo. Kuna pia jina EC90. Lilikuwa jina la vifaa vya kampuni ya Easton. Leo utalikuta limebandikwa kwenye usukani na viti ambavyo Easton haikuvitengeneza. Mtu anayeazima jina la mwingine ili auze ameshakueleza vya kutosha kuhusu uaminifu wake.

Kuna upande wa pili nao, unaosema kwamba kaboni yoyote ya bei ndogo itakuvunja shingo na kwamba ya bei kubwa ndiyo salama. Nao siungani nao. Machi 2021, katika mbio za Le Samyn nchini Ubelgiji, usukani wa mwendeshaji Mathieu van der Poel ulikatika akiwa mbioni. Baiskeli yake ilikuwa Canyon Aeroad, mojawapo ya ghali kabisa sokoni wakati ule. Alimaliza mbio, na mwenzake wa timu Tim Merlier akashinda. Wala alumini haina kinga. Mwaka 2006 kwenye mbio za Paris-Roubaix, mwendeshaji George Hincapie aliangushwa na bomba la alumini linalounganisha uma wa mbele na usukani lilipokatika. Alumini huchoka kwa mizigo midogo inayojirudia, na jasho linalopenya chini ya tepu huila polepole.

Kwangu mimi, kilichofuata baada ya Le Samyn ndicho chenye uzito. Canyon iliwatangazia wenye baiskeli za aina ile waache kuziendesha mpaka tatizo lishughulikiwe. Dosari ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana anakopatikana. Usukani wa dola 60 usio na jina ukianza kukatika katika nchi kumi tofauti, hakuna atakayekusanya taarifa hizo, wala hakuna atakayekutumia ujumbe kwamba uache kuuendesha. Muuzaji atafunga duka na kufungua lingine kwa jina jipya. Basi anayetafuta kaboni ya bei nafuu ajiulize kwanza: nani atanijulisha ikigundulika kwamba kifaa hiki kina kasoro?

Swali hilo halifungi mlango wa nafuu. Kati ya jina kubwa na bidhaa isiyo na jina wapo watengenezaji, wengine wa China wanaouza moja kwa moja kwa mteja, wanaoweka namba ya utambulisho kwenye kila usukani, wanaoeleza dhamana yao kwa maandishi na kutoa ripoti ya majaribio ya kiwango cha ISO 4210. Katika majaribio hayo usukani hukandamizwa na kuvutwa mara 100,000 pande zake zikienda kinyume, kisha mara 100,000 zikienda pamoja. Ripoti iwe ya mfano ule ule unaouziwa, isiwe karatasi ya jumla ya kampuni. Mtengenezaji makini husema pia uzito wa juu wa mwendeshaji na nguvu ya mwisho ya kukaza bolti, na mahali pa kubana pamechorwa au kukwaruzwa kidogo ili pashike. Usukani ukifika, mulika tochi ndani ya bomba. Ukiona mikunjo, matuta ya resini au nyuzi zilizochanika, urudishe kabla hujaufunga. Na gramu 150 kwa bei ya kutupa zikutie shaka, si furaha.

Kabla ya hayo yote pima mwili wako. Kosa la kipimo linaumiza kila siku kuliko kosa la malighafi. Upana wa usukani uende na upana wa mifupa ya mabega; watu wengi huangukia sentimita 38 hadi 44. Umbali wa kufikia mikono ya breki wa milimita 70 au 80, na kina cha kushuka cha 120 au 125, vinawafaa wengi wasio wanamashindano. Alumini inakupa nafasi ya kujaribu: ukikosea, hasara ni ndogo na fundi wa karibu anaweza kuwa na mwingine. Zile sukani za kipande kimoja, zilizoungana na stemu (kile kipande kinachoshikilia usukani), ningemshauri mtu wa kipato cha kawaida aziache kabisa, kwa sababu ukitaka kusogeza mikono sentimita moja tu inabidi ununue kila kitu upya.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwenye dola 60 anunue alumini ya jina linalofahamika, chenji inayobaki iende kwenye matairi. Anayetaka kaboni aweke akiba mpaka afikie yule mtengenezaji wa kati mwenye ripoti, namba na anwani. Wa jina kubwa anunue anayeweza, bila kudhani kwamba amenunua usalama wa milele.

Na yeyote atakayeweka kaboni asikaze kwa kukadiria. Nyuzi zina nguvu kwa urefu wake, lakini kubanwa ubavuni zinavumilia kidogo. Bolti iliyozidishwa huacha ufa mdogo chini ya stemu au chini ya mkono wa breki, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, nao hungoja shimo la barabarani. Wengi huandikiwa nyutoni-mita 5, pamoja na kupaka grisi maalumu ya kaboni yenye chembechembe, isiyolazimisha kukaza sana. Mafundi wetu ni stadi, ila wengi wao hawana spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na si haki kuwalaumu kwa kifaa wasichopewa. Klabu za baiskeli, za Arusha, Mombasa, Kampala na kwingineko, zichangishane zinunue spana hiyo moja moja na kuiacha kwa fundi wanayemwamini. Mkianguka, fungueni tepu mkague usukani mzima kabla ya kupanda tena.