Utando mweusi nao upimwe

Waya wa juu ukikatika Masasi, hata mtoto anauona, na fundi anapanda nguzo. Kebo ya ardhini ina mambo mengine. Pale laini ya msongo wa kati inaposhuka nguzoni kwenda kwenye kiwanda cha kubangua korosho, au kwenye mitambo ya kusukuma maji kupandisha uwanda wa Makonde, kebo ikishafukiwa imefukiwa na kasoro zake zote.

Ikate uitazame. Katikati kuna shaba au alumini, juu yake utando mwembamba mweusi, halafu kihami, halafu utando mweusi mwingine, kisha utepe wa shaba. Weusi ule si urembo. Ni plastiki iliyochanganywa na masizi ya kaboni ili ipitishe umeme kidogo na kuziba mianya kati ya nyuzi za shaba au alumini na kihami. Ukinzani wake ukizidi, cheche ndogo hukitafuna kihami taratibu, kwa miaka. Kipindi cha uangalizi cha mkandarasi, ambacho kwa kawaida ni mwaka mmoja, kitakuwa kimeisha zamani.

Kikomo cha ukinzani huo kinajulikana. Kiwango cha kimataifa IEC 60502-2 kinataka usizidi omu-mita 1,000 kwa utando wa ndani na 500 kwa wa nje. Kwa kebo nyingi za siku hizi hupimwa katika nyuzijoto 90, joto la kazini. Kipande cha kebo huwekwa mistari minne ya rangi yenye madini ya fedha: miwili ya pembeni hupitisha umeme, miwili ya kati husoma volti. Kisha hupimwa kipande kilichokaa kwenye tanuri siku 7, maana utando mpya si kipimo cha utu uzima wake.

Mafundi wetu hupima kebo kwa kifaa kiitwacho mega, na ni vema. Lakini mega inapima kihami. Kuhusu utando mweusi haina la kusema.

Basi halmashauri, vyama vya ushirika na wenye viwanda waitaje ripoti ya maabara ya kipimo cha utando mweusi kwenye zabuni, ya aina ileile ya kebo inayoshushwa kwenye lori. Viwanda vya kebo vipo Dar es Salaam, hakuna haja ya kuifuata ripoti hiyo Ulaya. Siku ya makabidhiano, ukinzani wa utepe wa shaba nao upimwe ncha hadi ncha na kuandikwa kwenye daftari la kituo. Ukipanda baadaye, huenda shaba imeanza kuliwa. Mkandarasi asiye na ripoti asubiri malipo yake.