KIDUHA HAKIUAWI KWA CHUPA YA DUKANI

Ifikapo Machi katika mashamba ya mtama hapa Singida huchomoza maua madogo mekundu, pengine ya zambarau, yenye kupendeza macho. Mgeni apitaye njiani huyasifu. Mwenye shamba hanyanyui hata uso, maana ajua amekwisha kunyang'anywa. Hicho ndicho kiduha.

Sisi tuliozoea kulisikia neno unyonyaji mikutanoni hatuna haja ya kuelezwa sana. Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi, nayo hulala ardhini miaka kumi na kupita. Haioti mpaka itambue kuwa mzizi wa mtama, uwele au mahindi uko karibu. Hapo huamka, hung'ang'ania mzizi ule na kunyonya maji na chakula. Wiki kadhaa hufanya kazi hiyo chini kwa chini, na mkulima haoni kitu ila mtama unaodumaa na kunyauka kana kwamba mvua haikunyesha. Wengine husema shamba limerogwa. Halikurogwa, limeingiliwa na kupe.

Sasa wapo watu, baadhi wana maduka na baadhi wana vyeo, wanaomwambia mkulima: nunua dawa upulize. Twauliza, upulize nini? Kiduha kinapoonekana juu ya ardhi, hasara imekwisha kufanyika chini. Dawa ya kuua magugu ya majani mapana itaviunguza na viduha, itaziunguza na kunde ulizopanda katikati ya mtama. Mkulima huyo amelipa mara mbili: kwa gunia lisilojaa, na kwa mbuzi aliyemuuza apate fedha ya chupa. Sisemi kila dawa ya dukani ni haramu. Nasema kumuuzia mtu mnyonge kitu kisichomfaa, huku ukijua, ni unyonyaji wa pili juu ya ule wa kwanza.

Na silaha tunazo. Kiduha hustawi katika ardhi iliyochoka, nasi Singida ni watu wa ng'ombe. Samadi imejaa zizini mpaka mifugo inazama magotini, na shamba lenye njaa liko hatua mia kutoka hapo! Tena tubadilishe mazao. Mwaka mmoja mtama, mwaka wa pili kunde, karanga au alizeti. Mizizi ya mazao hayo huidanganya mbegu ya kiduha ikaamka, na ikiamka haioni wa kumnyonya, ikafa. Mimi nilisomea ualimu, na katika masomo yote ya kilimo hakuna ninalopenda kulieleza kama hili: mnyonyaji kaalikwa karamuni, kakuta sinia tupu. Tena tangu mwaka 2002 zimetolewa hapa nchini mbegu za mtama ziitwazo Wahi na Hakika, zinazostahimili kiduha. Ziulizieni kwa mabwana shamba, wala msichoke kuuliza.

Lakini yote hayo hayatoshi bila mkono. Mmea mmoja wa kiduha ukiachwa ukakomaa hutoa mbegu makumi ya maelfu, nazo husafiri kwa upepo, kwa maji ya mvua na kwa kwato za ng'ombe. Basi wewe ukipalilia shamba lako likatakata, na jirani yako akaliacha la kwake likachanua, umefanya kazi ya bure. Ndiyo sababu nasema kiduha si shauri la mtu na mkewe. Ni shauri la shina zima. Kila balozi awatoe watu wake, shamba kwa shamba, la mjane na la mgonjwa yakitangulia, wang'oe kabla ya ua kufunguka. Mimea iliyokwisha chanua ichomwe moto. Isitupwe njiani wala isipewe mifugo.

Najua atatokea wa kusema kwamba huku ni kurudisha amri za mkoloni. Ndugu huyo asichanganye mambo. Waluguru walipoyakataa matuta mwaka 1955, hawakukataa kuitunza ardhi yao. Walikataa kulazimishwa kazi ambayo hawakuulizwa na ambayo hawakuiona faida yake. Hapa hakuna faini wala askari. Wazee wetu walilimiana kwa ujima kabla ya Mzungu kuijua njia ya kuja Singida, na kazi hii ni ya namna ile ile.

Mvua zetu hukoma Aprili, kwa hiyo nafasi ni fupi. Kila tawi lipange siku zake kabla ya mwisho wa Februari, liziandike ukutani mahali watu wote wapitapo. Na kazi ianzie katika mashamba ya viongozi.