Tajiri wa Majemadari

Katika wafanyabiashara wote wa Burma, nchi ambayo tangu mwaka 1962 imekuwa mikononi mwa wanajeshi isipokuwa muhula mfupi wa nafuu uliokatizwa na mapinduzi ya Februari 2021, ni wachache mno ambao majina yao yameambatana na majemadari kama Tay Za, mwenye kampuni ya Htoo, iliyoanza mwaka 1990 kwa biashara ya mbao za msaji na baadaye ikatanua matawi hata kwenye hoteli, benki na shirika la ndege la Air Bagan.

Wako wanaomsifu kwa bidii na akili, nami sina sababu ya kumnyima sifa hizo. Ila nasema kwamba katika dola ambayo msitu haukatwi wala mji haujengwi pasipo idhini ya jemadari, rasilimali kuu ya tajiri ni ile idhini, na aliyeitoa anajua vyema atakalolidai badala yake. Majemadari walipoihama Yangon mwaka 2005 na kujijengea makao mapya Naypyidaw, Htoo ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizopewa kazi. Na kimbunga Nargis kilipowaangamiza watu zaidi ya laki moja mwaka 2008, ilikuwa tena miongoni mwa zilizokabidhiwa kujenga upya yaliyosombwa. Na Marekani, ilipomwekea vikwazo baada ya maandamano ya watawa wa Kibudha kuzimwa kwa risasi mwaka 2007, ilimtaja waziwazi kuwa mfanyabiashara wa silaha, kisha ikaziandama kampuni zake hata Singapore.

Hapo ndipo moyo wangu unapokataa kutulia, kwa kuwa msaji uliokatwa huenda ukapandwa mwingine, lakini anayelipatia silaha jeshi lenye ada ya kuwapiga raia wake hawezi kudai kwamba yeye alikuwa dukani tu.

Hasira hii nayo haina budi kuwa na mpaka. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipofuta mwaka 2012 vikwazo vya Umoja huo dhidi ya mwanawe, aliyetiwa orodhani angali kijana mdogo, kwa hoja kwamba nasaba pekee haitoshi kumwadhibu mtu, ilihukumu kwa haki. Kosa lilitendwa mwaka 2016, Marekani ilipoviondoa vikwazo vyake bila ya kuwataka matajiri wale watoe hesabu ya walichopewa na walichokitoa. Miaka mitano haikutimia, majemadari wakarudi, na Uingereza mwaka 2021 na Marekani mwaka 2022 zikalazimika kumrejesha orodhani, safari hii Marekani ikiwaongeza wanawe wawili waliokwisha kuwa watu wazima.

Siku msamaha utakapozungumzwa tena, daftari za Htoo zifunguliwe kwanza mbele ya mahakama huru ya Waburma wenyewe, zionyeshe kila leseni ya msitu, kila malipo yaliyopitia Singapore, na kila silaha iliyofika kambini kwa uwakala wake.