Nani ana ufunguo wa duka lako?

Muulize mwenye duka pale Kariakoo funguo za mlango wake ziko ngapi na anazo nani. Atataja tatu bila kusita, kisha ataanza kukumbuka: kuna ule aliopewa shemeji wakati wa msiba, ule wa kijana aliyeacha kazi kabla ya Ramadhani, na ule wa mlango wa nyuma uliopotea na hakuna aliyeshtuka. Hapo hatujagusa namba ya siri ya simu ya wakala, ambayo huenda hata muuza kahawa anaijua.

Kurekebisha hali hii hakuhitaji kamera wala mitambo ya bei mbaya. Fundi wa funguo aliyekaa pembeni mwa barabara huchonga ufunguo kwa dakika chache, na haulizi ni wa nani. Ndiyo maana kumdai mtu ufunguo siku anapoondoka hakutoshi. Siku hiyohiyo badilisha silinda ya kitasa; ni kazi ya bisibisi, kitasa chenyewe haking'olewi. Kama ni kufuli, nunua nyingine, na si ile ya bei ya chini kabisa. Kufuli hizo hutengenezwa kwa mipangilio michache ya meno, kwa hiyo usishangae ufunguo wa jirani ukifungua yako.

Kuna pia wanaofunga kufuli nne kwenye mlango mmoja, kila moja na mshikaji wake. Mmoja akichelewa, wateja wanasubiri nje, na baada ya wiki mbili kila mtu amechongesha funguo zote nne. Mbili imara zinatosha. Ufunguo wa akiba ukae nyumbani kwa mwenye duka, ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa. Kila ufunguo uwe na namba tu, bila jina la duka, na daftari lioneshe nani alikabidhiwa upi, lini, na sahihi yake.

Siku hizi, hata hivyo, mlango mkubwa zaidi ni simu. Biashara nyingi ndogo zinauza kupitia WhatsApp na Instagram, na mara nyingi aliyezifungua kurasa hizo ni kijana wa dukani, kwa laini yake na barua pepe yake. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze nchini mwaka 2019, laini ni ya aliyeweka kidole. Kijana akihama, anahama na namba ambayo wateja wanaijua, na huna pa kumshtakia kwa sababu hajaiba kitu. Sajili laini ya biashara kwa jina lako au la kampuni, ikae kwenye simu unayoishika wewe, na uwashe namba ya siri ya tarakimu sita ya WhatsApp. Wauzaji wataunganisha simu zao na akaunti hiyo; WhatsApp inaruhusu vifaa vinne pamoja na simu kuu. Mtu akiondoka, unakiondoa kifaa chake hapohapo, na wateja wanabaki.

Wenye maduka wengi hutujibu kwamba kwao watu wanaaminiana. Vizuri, lakini hebu tuitazame imani hiyo kwa macho ya mfanyakazi. Wauzaji watatu wanatumia namba moja ya siri. Jioni inapungua laki mbili. Hakuna anayeweza kuonesha kuwa si yeye, basi wote watatu wanakatwa mshahara, au anafukuzwa yule asiye ndugu wa bosi. Mwaminifu ndiye anayeumia, maana mwizi alishajua kuwa atajificha katikati ya wenzake. Programu nyingi za mauzo zinaruhusu kila muuzaji kuingia kwa jina lake na namba yake. Kutotumia nafasi hiyo ni kumwonea mtu unayedai unamwamini, na kumkata mshahara kwa upungufu usioweza kumthibitishia ni dhuluma tupu.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi Jumatatu, usione haya kudai namba yako mwenyewe. Bosi akisema mtatumia moja wote, omba akupe kazi ya stoo au ya kufungasha mizigo, na pesa azishike yeye.