Anayemlea mwimbaji wa raga alipwe

Mashabiki wa taarabu ya Mombasa wanajua jinsi Juma Bhalo alivyochukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayatia maneno ya Kiswahili. Wachache wanaujua uimbaji mkongwe ulio nyuma ya filamu hizo, ule wa raga wa India ya kaskazini. Katika filamu ya Basant Bahar ya mwaka 1956, mwimbaji wa raga Bhimsen Joshi aliimba kwa kushindana na mwimbaji wa filamu Manna Dey, na hadithi ikamtaka Joshi ashindwe (nje ya sinema, mambo yangekuwa mengine). Joshi alitoroka kwao Karnataka mwaka 1933 akiwa na miaka 11, akadandia treni bila tiketi kutafuta mwalimu, na ni mwaka 1936 ndipo Sawai Gandharva alipompokea huko Kundgol. Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya ushupavu wa kijana. Mimi nakiona kama ushahidi kwamba elimu hii iliachwa itegemee bahati ya mtoto na hisani ya mwalimu, ilhali inachohitaji ni mtu wa kuilipia.

Urefu wa mafunzo haya si ukaidi wa wazee. Utungo wa khayal, mtindo mkuu wa uimbaji huu, una mistari michache tu ya maneno, na mwimbaji anaweza kukaa nao saa nzima akibuni papo kwa papo bila kuvunja kanuni za raga, yaani mpangilio wa noti anaoufuata, wala kupotea kwenye tala, mzunguko wa mapigo. Raga za Bhupali na Deshkar hutumia noti tano zilezile. Kinachozitofautisha ni noti ipi inakaziwa, ipi inapitiwa tu, na wapi sauti inatua. Hilo haliandikiki vizuri. Mwalimu huimba kipande, mwanafunzi akakirudia, akasahihishwa, kesho tena. Gangubai Hangal alikuwa akipanda treni kutoka Hubli hadi Kundgol kufuata masomo hayo kwa Sawai Gandharva huyohuyo. Ni kweli kwamba mtaalamu wa muziki V. N. Bhatkhande alikusanya na kuchapisha tungo ambazo koo za waimbaji zilizibania, na chuo kilichofunguliwa Lucknow mwaka 1926 kwa juhudi zake kikawapa nafasi waliozaliwa nje ya koo hizo. Hiyo ni heshima yake isiyopingika. Lakini hata huko, K. G. Ginde, mmoja wa waliotajika zaidi, alilelewa tangu utotoni na S. N. Ratanjankar, mkuu wa chuo. Darasa halikutosha.

Zamani gharama ya malezi hayo ilibebwa na wafalme. Nissar Hussain Khan alikuwa mwimbaji wa ikulu ya Baroda. Falme zilipokwisha, redio ya taifa iliwapa wengi riziki, ila redio hulipia wimbo. Miaka kumi ya kumlea mwimbaji hailipii. Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na kampuni ya tumbaku, ITC, iliyoanzisha chuo Kolkata mwaka 1977: mwalimu anapewa nyumba na mshahara, mwanafunzi anapewa posho, na kazi yao ni kuimba. Nissar Hussain alihamia huko pamoja na kijana wa ukoo wake, Rashid Khan, ambaye hadi kifo chake mwaka 2024 alikuwa miongoni mwa sauti kubwa za India. Pesa za sigara zina maswali yake, lakini mpango wenyewe ulifanya kazi.

Wapinzani wanaosema darasa linatosha watamtaja Kumar Gandharva, aliyesoma katika shule ya B. R. Deodhar mjini Bombay, akawa bingwa. Huyo alikuwa akishangaza watu jukwaani kabla hata ya kufika huko. Sera haijengwi juu ya mtoto wa ajabu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuishi chini ya mwalimu kunazaa unyanyasaji, na tuhuma zilizotolewa mwaka 2020 na wanafunzi wa shule ya Bhopal ya dhrupad, mtindo mwingine wa uimbaji wa raga, zinatosha kumnyamazisha anayedhani ni hofu tupu. Lakini nguvu ya mwalimu mbaya hukua pale ambapo chakula, malazi na njia ya kufika jukwaani vyote vimo mikononi mwake. Mwanafunzi mwenye posho yake, katika chuo chenye walimu kadhaa na bodi isiyo ya ukoo wa mwalimu, anaweza kulalamika, na anaweza kuhama bila kuacha kuimba.